Shimo la ghalani ni la nani? Panya, panya buku, fuko, nguchiro na nyegere wakiwekwa bega kwa bega

Mwishoni mwa Februari nilikwenda kutoa mbegu za karanga ghalani, nijiandae kwa mvua za Machi. Gunia la juu lilikuwa sawa. La chini nililiinua kwa mkono mmoja kama limejaa pamba. Kona imekatwa, maganda yametapakaa, na nyuma yake, pale ukuta unapokutana na sakafu ya udongo, kuna shimo ambalo mkono wangu ungeingia mpaka kiwiko. Sikuuingiza.

Nilifanya wanavyofanya wengi hapa Arua, eneo la West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda. Nilikwenda sokoni, nikanunua kipakiti cha sumu kwa muuzaji mmoja, nikakichanganya na mukene, wale dagaa wakavu, nikaweka mdomoni mwa shimo. Siku ya tatu paka wa jirani yangu Hajati alikutwa amekauka chini ya mwembe. Karanga zikaendelea kupungua. Nilipokwenda kuomba radhi, Hajati alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, umeua askari, mwizi umemwacha."

Mwizi hakuwa panya yule niliyemdhania. Ningelisoma shimo kwanza, paka angekuwa hai. Ndiyo maana naandika ulinganisho huu: wanyama wanaochimba kwenye maghala na mabanda yetu hawafanani, na dawa ya mmoja ni kazi bure kwa mwingine, au ni hatari kwako.

Kabla ya kumtaja mtu, pima

Ukubwa wa shimo usiukisie kwa macho, maana hasira hulikuza. Mimi hutumia vitu vitatu vilivyopo kila nyumba: kifuniko cha soda, kikombe cha chai na sufuria ya kupikia mboga. Shimo la kifuniko cha soda au kubwa kidogo ni la panya wa kawaida. Shimo la kikombe ni la panya buku, au nguchiro mdogo aliyepanga humo. Shimo la sufuria linamtaka mnyama mwenye makucha: nyegere, nungunungu, mbwa, au muhanga kama uko mbali na watu.

Halafu tazama udongo. Anayechimba hutoa udongo, anayepanga hatoi. Shimo lenye kifusi kipya mdomoni lina mwenyewe aliyelichimba. Shimo safi, laini pembeni, lisilo na kifusi, huenda mwenyewe alishahama na aliyemo sasa ni mgeni. Mgeni huyo tutamfikia, na ndiye wa kuogopwa.

La tatu ni jivu. Jioni chekecha jivu la jikoni, litandaze mbele ya shimo kama unapaka ukuta chokaa, jembamba. Asubuhi uende kabla kuku hawajafunguliwa, la sivyo utasoma habari za kuku tu. Panya wa aina zote huacha vidole vinne mguu wa mbele na vitano wa nyuma, mara nyingine na mstari wa mkia katikati. Nguchiro na nyegere huacha vitano mbele na vitano nyuma, na kwa nyegere alama za kucha za mbele ziko mbali na kidole kabisa, kama mtu mwenye kucha za bandia. Mbwa ana vinne na kucha zinaonekana. Paka ana vinne na kucha hazionekani. Kenge huacha mstari mnene wa mkia unaopindapinda, na nyayo zimetanuka pembeni.

Kama huna jivu, sokomeza fundo la nyasi kavu kwenye shimo. Likisukumwa nje, mtu yuko nyumbani. Likivutwa ndani, yuko nyumbani na anatandika kitanda. Likikaa siku tatu bila kuguswa, ziba shimo na uendelee na kazi nyingine.

Panya wa darini na panya wa shambani

Hawa wawili ndio wezi wakubwa wa nafaka kwetu, na watu huwaita jina moja. Wanakula chakula kilekile lakini hawaishi mahali pamoja, na hapo ndipo mitego mingi inapopotea.

Panya wa darini ni mwembamba, masikio makubwa, mkia mrefu kuliko mwili wake. Ni mpandaji. Hukaa kwenye nyasi za paa, juu ya boriti, nyuma ya mabati, na kuchimba si kazi anayoipenda. Dalili zake ziko juu: mstari mweusi wa mafuta kwenye boriti anapopita kila usiku palepale, kinyesi chenye urefu wa kama sentimita moja, kimechongoka ncha na kupinda kidogo kama ndizi. Ukitega chini ukutani wakati njia yake iko juu ya kichwa chako, utakamata chura.

Panya wa shambani ni wa kimo cha wastani, rangi ya kahawia au kijivu, tumbo jepesi, mkia unaolingana na mwili. Huyu ndiye mchimbaji. Jike lake lina chuchu nyingi kuliko panya wengine, hufika ishirini na nne, na hazikuwekwa kwa urembo: mimba huchukua kama wiki tatu, na watoto kumi au zaidi kwa uzao mmoja ni jambo la kawaida. Mahindi yakiwa shambani anaishi shambani. Ukivuna, unakuwa umemvunia na yeye; anafuata magunia mpaka ghalani na kuchimba chini ya sakafu ya udongo, chini ya mawe yanayobeba ghala, au kwenye kuta za udongo. Utaona vijishimo vitatu, vinne, si kimoja, vyenye udongo laini mdomoni na njia nyembamba iliyokanyagwa kutoka kimoja hadi kingine.

Kwa hiyo, kati ya hawa wawili, shimo la sakafuni ukubwa wa kifuniko cha soda mpe panya wa shambani mpaka uone ushahidi mwingine. Mtego wa kubana uweke kando ya ukuta, mdomo wa mtego ukitazama ukuta, karibu na njia ile. Kwa panya wa darini, funga mtego juu ya boriti kwa waya ili usianguke naye.

Ghala la kuinuliwa linawazuia wote wawili kama limefanywa vizuri: miguu ya mita moja, na kila mguu umevishwa bati kama sahani iliyofudikizwa. Lakini nimeona maghala mazuri yenye mabati hayo na tawi la mwembe limelala juu ya paa. Panya wa darini hajui hata kama kuna bati. Nimeona pia ngazi iliyosahauliwa imeegemea mlangoni usiku kucha. Hiyo ni zaidi ya kusahau, ni kumkaribisha.

Panya mdogo wa nyumbani, yule wa kinyesi kama punje ya mchele, simuweki katika mashindano haya. Hupita penye upana wa penseli, huishi kati ya magunia yenyewe, na mara nyingi hana haja ya shimo la ardhini. Yuko pia panya wa nyasi, unayemwona mchana kweupe akikatiza njia. Huyo anakaa kwenye majani marefu nje ya ghala, na dawa yake ni panga: fyeka mita kadhaa kuzunguka ghala lote, usiache rundo la mabua ukutani.

Kwa nini huku West Nile swali hili si la karanga tu

Wilaya zetu za Arua, Nebbi na Zombo zimo katika sehemu chache za Uganda ambako tauni bado hutokea. Taasisi ya Utafiti wa Virusi ya Uganda, ile ya Entebbe, ina kituo cha tauni hapa Arua kwa sababu hiyohiyo. Ugonjwa huu hauletwi na meno ya panya. Unaletwa na viroboto wake. Panya anapokufa, damu inapoa, na viroboto wanaondoka kutafuta mwili mwingine wenye joto. Mwili huo unaweza kuwa wa mtoto anayelala kwenye mkeka karibu na magunia.

Sasa fikiria mtu aliyemwaga sumu kwenye nyumba yenye panya thelathini. Amefukuza viroboto wa panya thelathini kwa usiku mmoja. Ndiyo maana wataalamu wa afya husisitiza kwamba viroboto washughulikiwe kwanza, au pamoja na panya, na si baadaye. Nakubaliana nao kabisa, ingawa najua kunyunyiza dawa ya viroboto kunagharimu na kipakiti cha sumu ni rahisi.

Ukiona panya waliokufa na hakuna aliyeweka sumu, hasa kuelekea mwisho wa mwaka ambapo tauni imezoea kujitokeza, usiwaokote kwa mkono mtupu na usimpe mtoto akatupe. Mwite mhudumu wa afya wa kijiji, au peleka habari kituo cha afya. Na mtu wa nyumba hiyo akishikwa na homa ya ghafla na mtoki kwenye kinena au kwapa, asisubiri kesho. Antibiotiki zinaiponya tauni zikitolewa mapema.

Hakuna sehemu nyingine ya ulinganisho huu ninayoihimiza kama hii. Kama umebaini kwamba shimo ni la panya wa kawaida, hujamaliza, umeanza. Kama ni la fuko, unaweza kulala.

Panya buku na fuko

Hawa huchanganywa kwa sababu wote ni "panya mkubwa wa chini ya ardhi". Lakini mmoja anatoka nje kuiba na kurudi. Mwingine hana haja ya kutoka.

Panya buku akinyooshwa na mkia wake anakaribia urefu wa mkono wa mtu mzima, bega mpaka vidole, na wengine huzidi. Uzito kilo moja na ushee. Mkia ndio kitambulisho: mweusi kuanzia shinani, kisha ghafla mweupe mpaka ncha, kana kwamba ameuchovya kwenye ndoo ya rangi. Ana mifuko ndani ya mashavu. Anajaza karanga mpaka kichwa kinakuwa kipana kuliko mwili, anakwenda kumwaga ghalani kwake, anarudi. Ndugu zake kule Morogoro, Tanzania, wanafunzwa na shirika la APOPO kunusa mabomu ya ardhini na makohozi ya wagonjwa wa kifua kikuu. Pua hiyohiyo kwangu ilinusa mbegu.

Fuko ni duara kama chupa iliyolala, mkia mfupi, macho madogo sana, masikio hayaonekani vizuri, na meno ya mbele ya rangi ya machungwa yaliyotoka nje ya midomo. Huchimba kwa meno hayo. Baganda humwita effukuzi, na mkulima wa migomba au viazi vitamu anamjua bila kumwona: mmea unanyauka mvua ikinyesha, ukiuvuta unatoka bila mizizi.

| | Panya buku | Fuko |
|---|---|---|
| Shimo | Wazi, ukubwa wa kikombe cha chai. Mchana mara nyingine limezibwa kwa majani kutoka ndani | Huoni shimo. Unaona vifusi tu, limezibwa |
| Vifusi | Kimoja kikubwa, mara nyingi ukutani au chini ya gogo | Vingi, vimepangana mstari |
| Anachoiba | Karanga, mahindi, mihogo mikavu, matunda | Mizizi, mihogo na viazi vikiwa bado ardhini |
| Ndani ya ghala | Anaingia kabisa | Mara chache mno, labda kama umefukia viazi |
| Chambo cha nafaka | Atakichukua | Hatakijali |

Mstari wa mwisho wa jedwali ndio uliwahi kuwaokolea pesa jamaa zangu wawili. Walikuwa wanamwekea fuko mahindi yenye sumu. Fuko hali mahindi makavu juu ya ardhi. Waliokula ni kuku.

Udhaifu wa fuko ni kwamba hawezi kuvumilia mlango wazi. Ukitoboa njia yake ikaingia hewa, anakuja kuziba. Mtego wa asili unategemea tabia hiyo: fito iliyopindwa, kamba yenye kitanzi ndani ya njia, na kijiti kinachoshikilia yote. Anasukuma udongo, kijiti kinachomoka, fito inanyooka. Mara nyingi kijijini kuna mzee au kijana anayejulikana kwa kazi hiyo, na kumlipa ni nafuu kuliko kujifunza kwa miezi.

Panya buku tulimfukua. Mzee mmoja jirani alikuja na jembe na kijana wake, akanionya nisisimame mbele ya mdomo wa pili. "Wa pili uko wapi?" nikamuuliza. Akaelekeza kidole nje, chini ya rundo la matofali, hatua tano kutoka ukutani. Sikuwahi kuuona. Alisokomeza majani mabichi kule, akachimba huku. Kwanza tulikuta chumba chenye nyasi kavu na kitambaa cha gunia kilichochanwachanwa. Kando yake chumba cha pili, na humo karanga zangu, safi, bila ganda hata moja lililovunjwa, tukapima zaidi ya nusu debe. Kati ya karanga kulikuwa na vifuniko viwili vya soda, msumari wa bati na kalamu ya binti yangu aliyoililia muhula mzima. Mwenyewe alitoka kwa kasi, akapita kati ya miguu ya kijana, mkia mweupe ukaonekana mara moja, basi.

Hakurudi. Tulijaza shimo mawe na udongo wa kichuguu uliolowekwa, tukashindilia. Sikumchukia. Kama ukumbi wa nyumba yangu ungekuwa na mpangilio kama ule, ningeshukuru.

Ndezi watu humtaja sana katika mazungumzo haya, yule Baganda wanayemwita omusu na ambaye ukoo mzima umebeba jina lake. Yeye ni wa matete na miwa. Si mchimbaji wa ghalani. Mwondoe kwenye orodha.

Mwenye pua ndefu hana kesi

Kirukanjia anafanana na panya mtoto aliyevutwa pua. Ananuka, anapita kandokando ya ukuta, shimo lake ni dogo kuliko kifuniko cha soda. Anakula wadudu: mende, viwavi, hata wanaotafuna nafaka yako. Ukimkuta paka amemuua akamwacha bila kumla, ndiye. Mwache apite.

Banda la kuku: nguchiro au nyegere?

Hapa mali iliyopotea ndiyo inayokwambia zaidi kuliko shimo.

Nguchiro anakuja mchana. Wale wa miraba hutembea kwa kundi, wakilia vilio vidogo, na huacha ardhi imechimbwachimbwa vijishimo vifupi vya kama kidole au viwili, vingi, bila njia ya kuelekea popote. Hao wanatafuta wadudu, si makao. Makao yao mara nyingi ni kichuguu cha zamani. Wakipata yai, wana ufundi wao: wanaligeuzia mgongo na kulirusha kinyumenyume kati ya miguu ya nyuma mpaka ligonge jiwe au ukuta. Kwa hiyo ukikuta maganda ya mayai yamekusanyika chini ya jiwe moja, si yametapakaa kiotani, mshitaki nguchiro. Vifaranga pia huchukua.

Nyegere anakuja usiku, peke yake, na haombi mlango. Anachimba chini ya ukuta wa banda, shimo pana kuliko urefu wake kwenda juu, udongo umerushwa nyuma mbali kwa nguvu, na mistari ya kucha inaonekana kwenye udongo mgumu. Asubuhi unahesabu kuku saba waliokufa na wawili tu ndio walioliwa. Kama una mizinga na nayo imevunjwa wiki hiyohiyo, huhitaji jivu. Huku kwetu kwa wafuga nyuki kila mtu ana hadithi yake ya nyegere.

Kenge anaweza kuchukua mayai pia, na huyameza mazima, hivyo hakuna ganda.

Nguchiro mimi huvumilia. Anakula panya, anakula nyoka, na mayai yangu yanaokotwa kabla ya saa nne asubuhi. Vifaranga nimewawekea waya wa matundu madogo. Hajati hakubaliani nami. Yeye alipoteza vifaranga kumi na mmoja wa kuku mmoja, na naelewa. Ila usimkamate kwa mikono. Akikuuma, au mnyama yeyote wa mwituni au mbwa akikuuma, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika kumi na tano, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo. Kichaa cha mbwa si cha mbwa peke yake.

Nyegere usipigane naye. Jenga. Msingi wa mawe wa nusu mita kwenda chini, au waya mzito uliozikwa ukikunjwa kuelekea nje, ili akichimba karibu na ukuta akutane nao. Anajaribu mara mbili tatu, anakwenda kwa mwingine.

Na kabla ya kumlaumu yeyote, mfunge mbwa wako usiku mmoja. Jirani mmoja alilinda banda lake wiki nzima akisubiri nyegere, kumbe ni mbwa wake mwenyewe aliyekuwa akifukua mfupa.

Nungunungu hutajwa pia, lakini yeye huacha miiba, na makosa yake yako kwenye shamba la mihogo, si ghalani. Kakakuona akionekana, amekuja kwa ajili ya mchwa na siafu tu; hana haja na kuku wala nafaka. Anajikunja kama mpira ukimgusa. Usimguse. Analindwa na sheria ya wanyamapori ya 2019, kwa hiyo piga simu kwa Mamlaka ya Wanyamapori, UWA, au mpashe mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji.

Mgeni asiyechimba

Rudi kwenye lile shimo safi lisilo na kifusi. Nyoka wetu wa kawaida wa ghalani, swila na kifutu, hawachimbi; wanaingia mashimo ya panya kwa sababu panya ndiye chakula. Kwa hiyo shimo lililokuwa na pilikapilika wiki iliyopita na sasa limenyamaza ghafla, bila wewe kutega chochote, lisikufurahishe. Tafuta gamba lililovuliwa, jepesi kama kavera (mfuko wa plastiki), kati ya magunia. Kwenye jivu utaona mstari mmoja mpana bila nyayo. (Koboko naye yupo midomoni mwa watu, nyoka, si wilaya yetu ile ya kaskazini, lakini kila nyoka mweusi anayekimbia huitwa hivyo.)

Usiingize mkono, usimwage maji ya moto ukiwa umeinama. Swila mtemaji hulenga macho. Akikutemea, osha kwa maji mengi safi, usisugue. Ukiumwa, tuliza kiungo kisitembee, panda boda mpaka hospitali. Wembe, kamba na jiwe jeusi viache nyumbani.

Vitundu vya banda la ng'ombe

Chini ya kinyesi cha ng'ombe au mbuzi utakuta vitundu vya kidole na udongo mpya kama umesagwa. Hao ni mbawakawa wa mavi, wanakufanyia kazi ya kuzika mbolea bure. Vitundu vyembamba vyenye udongo uliobandikwa kwenye nguzo ni mchwa. Huyo ni adui wa nguzo, tafuta dawa yake kivyake.

Kuchagua silaha

Nimeshasema habari za sumu nikiwa na hatia, kwa hiyo nipunguzie uzito. Sumu kali za haraka zina kasoro nyingine: panya akionja kidogo akaumwa tumbo, hakaribii tena chambo hicho. Zile za kuzuia damu kuganda huua baada ya siku kadhaa, hivyo panya hashtuki, lakini paka au bundi anayemla yule aliyelewa anaweza kufuata. Vidonge vya kufukizia nafaka, vile vya fosfidi ya alumini, watu huvisukuma kwenye mashimo. Vikikutana na unyevu vinatoa gesi, na gesi hiyo haina dawa ya kuizimua. Shimo likipita chini ya chumba mnacholala, umeielekeza kwenu. Kwa sakafu ya udongo, mimi nimeviharamisha.

Mitego ya kubana, sita kwa mpigo na si mmoja mmoja, hufanya kazi kwa panya wa kawaida. Chambo: siagi ya karanga, ile odi yetu, hushinda mukene kwa sababu panya hawezi kuinyakua akakimbia, analazimika kulamba. Paka ni mzuri kwa kuzuia, si kwa kumaliza. Magunia yapande juu ya mbao, mbali na ukuta kiasi cha mtu kupita na ufagio. Mifuko isiyopitisha hewa inaua fukusi vizuri sana, ila panya anaitoboa kama kavera nyingine, na ikitobolewa haina kazi.

Sakafu ya saruji ndiyo suluhisho la kudumu kwa panya wa shambani na panya buku pia. Nilimwaga yangu mwezi wa Juni, nene, na pembe za ukuta nimezizungusha ili jino lisipate pa kuanzia.

Wiki iliyopita tundu jipya limetokea, safari hii chini ya banda la mbuzi ambako saruji haijafika. Kifuniko cha soda kimeingia bila taabu. Kifusi kipo, nyasi nilizosokomeza zimevutwa ndani. Asubuhi ya leo jivu lina vidole vinne mbele, vitano nyuma, na mstari mwembamba wa mkia. Mitego sita nimeipaka odi, dawa ya viroboto nimeinyunyiza mchana, na Hajati amenihakikishia kwamba paka wake mpya analala ndani leo.